Boksi Jeupe Ndani ya Shimo la Ndizi la Nyirabahizi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Biharamulo
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali kwa makusudi, Nyamahanga
Jina: Gervasi Idefonsi Ntirampeba
Umri: Miaka 34
Kabila: Mhangaza
Dini: Mkristo
Elimu: Darasa la tano
Kazi: Kibarua, kituo cha utafiti wa malaria, Nyabusozi
Makazi: Nyabusozi kwa sasa. Nyumbani ni Kirushya, Wilaya ya Ngara

Leo ni Jumatano tarehe 14 Mei 2025. Nilitoka nyumbani Kirushya katikati ya Januari, tulipomaliza kuvuna maharage, na mpaka leo sijarudi. Miezi minne hiyo imekwisha. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu Koplo ameniuliza kama Bibi Nyirabahizi ni ndugu yangu. Si ndugu yangu. Nilimwona mara ya kwanza juzi Jumatatu. Nimekuja kituoni mwenyewe, sijaitwa. Nimekuja kwa sababu bibi huyo ameshikiliwa hapa tangu jana kwamba alichoma mali ya utafiti kwa makusudi, na mimi nilikuwepo.

Kazi yangu ni kupakia, kushusha, kufyeka na kuteka maji. Niliipata kwa sababu ya mwanangu Theonest, ambaye ana miaka sita. Mwaka jana aliugua malaria, akapewa dawa, kesho yake mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana, na macho yakawa ya njano. Mimi na mke wangu Clotilda tulimpeleka hospitali kwa baiskeli. Aliongezewa damu, akapona. Baadaye Daktari Agness wa kituo cha utafiti alikuja mpaka Kirushya kutuuliza habari zake. Alituambia kwamba ndani ya damu ya kila mtu kuna kitu kinachoitwa kimeng'enya, kinachoilinda damu isivunjike. Theonest anacho kidogo. Dawa nyingine za malaria zinamsaidia mtu wa kawaida lakini zinamvunjia damu mtu kama yeye. Alisema wanatengeneza kipimo kidogo, ili zahanati ya kijijini ijue hali ya mtu kabla ya kumpa dawa. Nilimwomba kazi siku hiyo hiyo, na ilipopatikana nikaondoka.

Mali inayosemwa hapa ni hicho kimeng'enya. Kilikuja kwa ndege kutoka ng'ambo, kwenye vichupa vidogo. Daktari alitueleza mimi na dereva, Juvenali Rwekaza, kabla ya safari. Alisema ni kimeng'enya cha binadamu, lakini hakikutolewa kwa mtu yeyote. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo vimepewa maelekezo ya mwili wa mtu, vinakitengeneza kiwandani kama hamira inavyofanya kazi ndani ya pombe. Kisha kinachujwa na kusafishwa. Bila hicho hawawezi kujua kama kipimo chao kinasema kweli. Kinatakiwa kukaa kwenye baridi kali wakati wote.

Juvenali alimjibu, "Daktari, mimi nimekuelewa. Lakini hayo yote nitamweleza nani barabarani?"

Daktari alicheka. Mimi pia nilicheka.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, saa 12 asubuhi, tuliondoka Mwanza na pikapu ya kituo. Tulikuwa na boksi jeupe jepesi, kama yale ya kubebea samaki, na ndani yake vichupa na barafu kavu, ile inayotoa moshi na hailowanishi kitu. Nje lilikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kiingereza. Nilikaa nyuma nalo, pamoja na vyandarua vya zahanati ya Nyamahanga. Juvenali alinitania njia nzima. Alisema, "Gervasi, mtunze huyo abiria. Hali, hanywi, hasemi tusimame akachimbe dawa. Amekushinda wewe."

Tulifika Nyamahanga mchana, tukashusha vyandarua. Tulipoondoka zahanati, ambayo friji yake ilikuwa mbovu, hata hatujaenda mbali, mpira wa rejeta ulipasuka. Gari likasimama mahali peupe, hapana hata kivuli. Jua lilikuwa kali, na bati la gari lilikuwa linaunguza mkono. Juvenali alipanda kwenye kichuguu kupata mtandao, akampigia daktari, akaweka sauti ya nje nikasikia. Daktari alisema tusilifungue boksi, tulitoe juani na tulitafutie mahali pa ubaridi. Alisema gari la pili liko Ngara, litatufikia kama saa kumi.

Karibu na barabara palikuwa na migomba na nyumba moja. Ni mimi niliyesema tuombe shimo la ndizi. Koplo ameniuliza shimo la ndizi ni nini, kwa sababu yeye kwao ni Tanga, nami nimemweleza hivi. Mtu mwenye ndizi za pombe anachimba shimo lenye kina cha kiunoni, analitandika majani makavu ya mgomba, anapanga ndizi mbichi, anazifunika kwa majani na udongo. Pembeni anaacha mtaro mdogo, na kwenye mdomo wa mtaro anawasha moto, ili joto na moshi viingie. Baada ya siku chache zinaiva zote pamoja, tayari kukamuliwa. Bila moto zinaiva nusu nusu. Lakini shimo ambalo halina ndizi lina ubaridi mzuri hata jua likiwa la namna gani.

Juvenali alikubali. Nikamwambia tumweleze mwenye nyumba kwamba ni kitu cha hospitali. Alinijibu, "Hospitali gani inayofukia vitu shimoni? Ataitazama hiyo karatasi, atamwita mjukuu anayesoma Kiingereza, na mjukuu atasoma kwamba ndani kuna kitu cha binadamu. Wewe unajua mambo ya watu kukatwa viungo yaliyotokea kanda hii. Tutatokaje hapa? Niachie mimi niseme."

Nilimwachia. Hofu yake haikuwa ya bure, na mimi nilikuwa nimechoka na nina njaa.

Boksi tulilifunga kwa gunia na majani ya mgomba ili lisionekane. Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anapukuchua maharage. Ndiye Nyirabahizi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmeharibikiwa?"

Juvenali alisema, "Tumeharibikiwa, bibi. Tuna ndizi zetu za pombe, jua linaziua. Tunaomba shimo lako mpaka jioni."

Bibi alisema, "Lipo tupu, nimelitandika juzi. Wekeni. Mimi miguu inaniuma, sitasimama."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Juvenali alisema ndizi. Hakusema kitu cha binadamu, hakusema dawa, hakusema utafiti. Kama amewaeleza polisi kwamba alimwambia bibi ukweli, na kwamba bibi alichoma kwa imani za kishirikina, basi maelezo hayo si sahihi. Bibi hakujua kuna boksi. Aliambiwa ndizi, na akakubali ni ndizi.

Tuliliweka shimoni, tukafunika kwa majani na udongo kidogo. Ule mtaro wa moto niliuona. Kwetu nimewasha moto kwenye mitaro kama ile tangu nikiwa mdogo. Ila haikunijia kwamba mtu atatufanyia kazi ambayo hatukumwomba.

Juvenali alipanda bodaboda kwenda kutafuta fundi. Mimi nilibaki na gari. Nilifungua ule mpira uliopasuka, kisha nikalala chini ya gari. Sitaficha, nililala. Niliamka kama saa nane, nikachukua kidumu kwenda kuomba maji kwa bibi.

Niliona moshi juu ya migomba. Nilitupa kidumu nikakimbia.

Bibi alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa mtaro, anapuliza moto. Juu ya shimo alikuwa ameongeza majani na udongo vizuri kabisa, kama anayefanya kazi yake mwenyewe. Aliponiona alifurahi. Alisema kwa Kinyarwanda, ambacho sisi Wahangaza tunakisikia, "Mmeziacha bila moto, mwanangu. Mlitaka ziive kwa kitu gani? Kwa maombi?" Akacheka.

Nilimwambia si ndizi. Sikumbuki maneno yote niliyosema. Alinitazama usoni mara moja. Alivuta kuni zilizokuwa zinawaka akazitupa kando, lakini majani makavu ya ndani ya mtaro yalikuwa yameshika moto na ulikuwa unaelekea shimoni. Jembe halikuwa karibu. Mimi nilifukua kutoka juu kwa mikono. Bibi aliingiza mkono wake wa kulia ndani ya mtaro, mpaka kwenye kiwiko, akawa anayatoa yale majani yakiwa yanawaka. Nilimwambia aache. Hakuacha mpaka yalipokwisha.

Naomba hili liandikwe wazi. Mkono wa bibi uliofungwa kitambaa, ambao nimesikia unatajwa kama ushahidi kwamba aliwasha moto, haukuungua akiwasha. Uliungua akiokoa boksi letu.

Tulilitoa. Gunia lilikuwa linafuka, na upande mmoja wa boksi ulikuwa umebonyea na kubadilika rangi, kama ngozi ya maziwa. Bibi alilitazama, akaniuliza, "Ndizi ziko wapi?"

Nikasema, "Hazikuwepo, bibi."

"Kwa nini mliniambia zipo?"

Nilimwambia ukweli ambao tulipaswa kumwambia tangu mwanzo. Nilimweleza habari za Theonest, mkojo wake na damu aliyoongezewa, na kwamba ndani ya boksi kuna kitu cha kusaidia kupima watu kama yeye. Sikujua kueleza mambo ya vijidudu, nikasema tu kwamba hakuna mtu aliyekatwa wala kutobolewa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Ungesema hilo, ningelala juu ya shimo nikalilinda." Kisha akaniamuru nikate mgomba.

Tulichana maganda ya mgomba, yale ya ndani yenye maji na ubaridi, tukalizungushia boksi lote, tukaliweka ndani ya nyumba yake kwenye sakafu ya udongo, mahali anapolala. Alifanya kazi hiyo kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuwa ameuweka kwenye sufuria ya maji.

Juvenali alirudi na fundi saa tisa. Nilimweleza yaliyotokea. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akashika kichwa. Baadaye aliniita pembeni. Alisema, "Gervasi, hiki kitu kimeagizwa miezi. Wataniuliza mimi, si wewe. Tuseme nilimwambia bibi ni kitu gani, naye akakichoma kwa kuogopa. Wewe una mtoto, mimi nina watoto. Yule bibi hana kazi ya kupoteza."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Gari la pili lilikuja saa kumi na dakika chache, nikapanda nalo pamoja na boksi kwenda Nyabusozi. Juvenali alibaki na pikapu. Alichokisema hapa kituoni alipokuja kuripoti jioni hiyo sikukisikia. Usiku ule nilidhani mambo yameishia kwenye mkono wa bibi, na nilikuwa najiuliza nani atampeleka zahanati.

Tarehe 13 Mei mchana, Juvenali alifika Nyabusozi na gari likiwa limepona. Alimwambia daktari, mimi nikiwa nafagia karibu, kwamba mwanamke aliyechoma mali ameshakamatwa na mgambo na kufikishwa polisi. Daktari aliuliza ni mwanamke gani. Juvenali alisema, "Bibi mmoja wa huko, mwenye asili ya Rwanda. Amekiri mwenyewe kwamba ni yeye aliyewasha." Hapo niliweka fagio chini.

Koplo, bibi yule Kiswahili chake ni cha sokoni. Mkimwuliza nani aliwasha moto, atasema, "Ni mimi," kwa sababu kweli ni yeye. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ameishi Nyamahanga tangu mimi sijazaliwa, amezika mume wake hapo. Ndizi za mgeni zilikuwa shimoni mwake hazina moto, na yeye aliona ni aibu kuziacha hivyo. Kwetu Kirushya mama yangu angefanya vile vile, tena angenigombeza kwanza.

Nilimweleza daktari mbele ya Juvenali. Juvenali alisema nimechanganyikiwa na jua. Daktari alimwuliza, "Ulimwambia ndizi au hukumwambia?" Juvenali alitazama chini. Alisema, "Niliogopa, daktari." Daktari hakumfokea. Aliniambia niende kituoni nikaeleze, na kwamba polisi wakimhitaji na yeye atakuja.

Sina ugomvi na Juvenali. Ni dereva mwangalifu, na safarini chakula chake tunagawana. Aliogopa watu mara ya kwanza, kisha akaogopa kazi mara ya pili. Mimi pia naogopa kazi, kwa sababu tutaendelea kupanda gari moja. Lakini mimi naweza kutafuta kibarua kingine.

Kuhusu mali yenyewe, naeleza nilivyoambiwa. Daktari alilifungua boksi Jumatatu ile ile tulipofika. Barafu ilikuwa imebaki kidogo chini. Vichupa vyote alivihamishia kwenye friza. Leo asubuhi saa mbili, kabla sijaondoka, aliniita dirishani kwenye chumba chao cha vipimo, ambacho mimi siruhusiwi kuingia na viatu. Alikuwa amechukua tone kutoka kwenye vichupa vile, akalichanganya na sukari ya namna yake na dawa nyingine. Alisema kimeng'enya kikiwa hai kinaifanyia sukari ile kazi, na mashine inaona mwanga. Kikiwa kimekufa mashine haioni kitu. Alinionyesha kioo cha mashine. Kulikuwa na mistari inapanda.

Nikamwuliza, "Hiyo inayopanda ni nzuri?"

Akasema, "Ni nzuri, baba Theonest. Vichupa vya upande wa moto vimepoteza nguvu. Vilivyobaki vinafanya kazi, na vinatosha kuanza."

Nilimwuliza kama ni maganda ya mgomba yaliyosaidia. Alisema hajui, na hataki kunidanganya. Inawezekana ni maganda, inawezekana ni ile barafu iliyobaki, inawezekana ni kwa sababu moto uliwahiwa. Alisema jambo moja analolijua ni kwamba majani yale yangewaka zaidi, vyote vingekufa. Aliyeyatoa ni Nyirabahizi.

Nilifika kituoni leo saa nne. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la kaunta, amefungwa mkono kwa kitenge. Nilimwamkia. Kabla hajaniuliza nimefuata nini, aliniuliza, "Kile kitu cha mtoto kilipona?" Nilimwambia kimepona sehemu kubwa. Akasema, "Kipimo kikiwa tayari, waje na Nyamahanga. Wajukuu wangu nao dawa zinawasumbua, tulidhani ni macho mabaya ya watu wenye husuda." Kisha aliniambia kwamba mkungu wake mkubwa umekaribia kukatwa, na kama polisi hawatamweka hapa sana, wiki mbili tatu zijazo atakuwa ameuweka shimoni. Alisema safari hii nikimwona anapuliza moto nisimkimbilie.

Askari aliyekuwa kaunta alituuliza tunacheka nini. Nilimtafsiria, naye akacheka.

Ninayoyajua ndiyo hayo, nimeyasema bila kulazimishwa, na nitayarudia mahakamani kama nilivyoyasema hapa. Sikuona kosa la makusudi kwa bibi huyu. Nikihitajika, kwa sasa niko Nyabusozi. Jumamosi tarehe 31 Mei daktari ameniruhusu kwenda Kirushya kumsaidia Clotilda kuvuna maharage na kumwona mtoto. Nitarudi na Theonest kwa ajili ya kupimwa. Tutapitia Nyamahanga kwa bibi kwanza, kisha Jumatatu tarehe 9 Juni asubuhi nitakuwa nimerudi kazini.

Sahihi ya shahidi: G. Idefonsi

Mimi G. 5127 Koplo Sostenes nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kuanzia saa 4:25 hadi saa 6:40 mchana, tarehe 14 Mei 2025. Nimemsomea polepole, amesahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika mkono wa kushoto, akasema ni wa kulia. Nimetoka kaunta nikautazama. Ni wa kulia, na majeraha yako mpaka kwenye kiwiko. Dereva Juvenali Rwekaza ameitwa kwa simu kufafanua maelezo yake ya awali, amekubali kufika kesho. Mkuu wa kituo ameelekeza Nyirabahizi apewe fomu ya matibabu na aruhusiwe kwenda nyumbani. Ameondoka saa 7:10 mchana akiwa na shahidi, ambaye ameomba kumsindikiza zahanati.